Kuchagua wakili wa nyumba Zanzibar, hatua kwa hatua

Hapa kwetu wakili wa nyumba huwa anatafutwa mwisho kabisa. Watu washaelewana bei, arubuni ishatoka, dalali ashachukua chake, ndo mtu anaanza kuuliza "jamani nani ana namba ya wakili, tunataka kuandikishana". Yani anaitwa kwa ajili ya muhuri tu. Wakati kazi khasa ya wakili wa nyumba si kuandika, kuandika hata karani anaandika, mikataba ya mfano imejaa tele. Kazi yake ni kuchimba. Ajue anaeuza ndie mwenye mali kweli au la, kuna mwengine mwenye haki ndani yake au hakuna, ina rehani, ina kesi, ni wakfu (mali iliyotolewa kwa ajili ya Mungu, si ya mtu tena), halafu akishamaliza kuchimba akwambie kwa kinywa kipana nunua au wacha. Mie si wakili, nimekaa ukarani kwenye ofisi ya wakili, napokea wateja mlangoni na kubeba mafaili, kwa hivyo haya ni ya kukusaidia kumchagua, mambo ya kesi yako wewe mwenyewe utamuuliza yeye.

Hatua ya 1: mtafute kabla hujatoa hata senti

Dalali atakwambia kuna mtu yuko Dubai anaitaka nyumba hiyo hiyo na kesho anatuma pesa. Huyo mtu wa Dubai yupo kwenye kila nyumba inayouzwa kuanzia Fuoni mpaka Bububu, usimtie akilini. Ukishatoa arubuni umejifunga, maana hata ukigundua tatizo baadae, muuzaji pesa ashazitia kwenye matumizi na wewe unabaki kumpigia simu hapokei. Na mara nyingi hiyo arubuni imetolewa barazani kwa kuhesabiana mkononi, karatasi yenyewe imechanwa kwenye daftari la skuli la mtoto, haisemi kama pesa inarudi au hairudi.

Kama umebanwa sana na lazima utoe kitu, basi wakili akuandikie makubaliano madogo ukurasa mmoja, yaseme kiasi gani kimetolewa, cha nyumba ipi, na kwamba uchunguzi ukionesha kasoro kwenye umiliki pesa yote inarudi ndani ya siku kadhaa mlizokubaliana. Muuzaji mwenye mali yake safi hatokataa hilo. Anaekataa, na wewe kataa.

Hatua ya 2: jua unanunua kitu gani, ndo utajua unataka wakili wa aina gani

Hapa ndo pazito kwa hivyo tukae kidogo.

Kitu cha mwanzo, Zanzibar ardhi yote ni ya serikali tangu baada ya Mapinduzi ya 1964, na Sheria ya Matumizi ya Ardhi namba 12 ya 1992 imeliweka hilo wazi kwamba ardhi ni ya umma chini ya Rais. Mtu anachokuwa nacho ni haki ya kuitumia, ambayo inarithika na inauzika kwa utaratibu wake. Ukisikia mtu anakwambia "hii ardhi yangu mwenyewe sina haja ya serikali" jua hajui anachouza, au anajua sana. Na sheria zetu za ardhi si za Bara, wakili aliezoea hati za Dar es Salaam akija hapa anaanza upya.

Sasa nyumba zenyewe hazifanani. Kuna nyumba ishasajiliwa kwa Mrajis wa Ardhi, hiyo ndo nyepesi kuliko zote, mtu anakwenda anaangalia kwenye rejista jina ni la nani na kama kuna rehani au zuio. Kuna nyumba ina hati ya zamani ya mauziano tu, imepita mikono minne mitano, kila mmoja ana karatasi yake, na ukitaka kujua haki imefikaje kwa huyu anaeuza lazima ufuate karatasi moja moja mpaka mwanzo. Kuna ile isiyokuwa na chochote ila barua ya sheha, yule kiongozi wa serikali wa mtaa. Sheha anamjua mkaazi wake na anashuhudia mauziano, hilo zuri na lazima umuone, lakini barua yake haimpi mtu umiliki, nasema hivi kwa sababu watu wanaichukulia kama ndo hati yenyewe.

Mashamba ya eka tatu, yale yaliyogaiwa wananchi baada ya Mapinduzi, yalitolewa yalimwe, hayakutolewa yakatwe viwanja yauzwe. Lakini nenda ukaone pembezoni mwa mji, yamekatwakatwa na watu wamejenga na kuhamia kabisa. Ukiambiwa kiwanja au nyumba "ilikuwa eka tatu" msimamishe kila mtu mpaka wakili wako aende Kamisheni ya Ardhi akaulize hilo eneo limebadilishwa matumizi kihalali au vipi.

Wakfu nao. Mji Mkongwe khasa una nyumba nyingi za wakfu, na wakfu hauuzwi, hata kama anaeuza baba yake na babu yake wamezaliwa humo humo, maana anaweza kuwa ni mpangaji wa wakfu kizazi cha tatu na yeye mwenyewe anaamini nyumba yao. Hapo pa kuuliza ni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Halafu Mji Mkongwe ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000, kuna Mamlaka yake ya hifadhi, huwezi kununua nyumba ukaanza kubomoa ukuta na kutia madirisha ya alumini bila ruhusa, kwa hivyo wakili akuulizie pia kama huyo mwenye nyumba alieko hajajenga kitu bila kibali, usije ukanunua na ugomvi wake.

Halafu mirathi. Hii ndo inaleta kesi kuliko vyote, tena kesi za ndugu kwa ndugu.

Chukua mfano. Mzee kafariki, wazee wake washatangulia, kaacha mke mmoja, watoto wa kiume wawili na wa kike watatu. Nyumba inauzwa milioni 80. Kwa sheria ya Kiislamu mke ana thumni, sehemu moja ya nane, yani milioni 10. Inabaki 70, mtoto wa kiume anapata mafungu mawili na wa kike fungu moja, kwa hivyo mafungu ni saba, kila fungu milioni 10. Wale wanawake watatu kila mmoja 10, wale wanaume kila mmoja 20. Sasa anaekuja kukuuzia ni yule mtoto mkubwa wa kiume, ana funguo, ana hati, anaishi humo, na anasema "mie ndo msimamizi". Haki yake yeye ni robo ya nyumba. Robo tatu ni za watu wengine, na mmoja katika dada zake yuko Muscat hajui hata kama nyumba iko sokoni. Ukinunua kwa saini yake peke yake umenunua robo kwa bei ya nzima.

Na inazidi kuchanganya ikiwa mmoja katika wale warithi nae kafariki kabla nyumba haijagaiwa, hapo fungu lake linakwenda kwa warithi wake yeye, wajukuu wanaingia, wake wa marehemu wanaingia, na mara nyengine kuna mtoto mdogo ndani yake ambae hawezi kusaini. Haya lazima yapite kwenye Mahkama ya Kadhi au Kamisheni ya Wakfu, mirathi ifunguliwe, warithi wajulikane kwa majina, na wote wakubali kuuza au mmoja wao apewe uwakala wa maandishi. Kwa hivyo kama nyumba unayoitaka ni ya mirathi, na nyumba nyingi za mtaa wa Ng'ambo hapa mjini na Mji Mkongwe ni za mirathi, usichukue wakili aliebobea mambo ya makampuni na mahoteli. Tafuta ambae kila siku yuko na mambo ya kadhi.

Hatua ya 3: hakikisha ni wakili kweli

Nenda moja kwa moja, usione haya. Mawakili wa Zanzibar wameandikishwa na Mahkama Kuu ya Zanzibar na wana jumuiya yao, Zanzibar Law Society. Muulize kama leseni yake ni ya mwaka huu, na ukitaka kuhakikisha jina lake uliza kwenye jumuiya au Mahkama Kuu. Wakili wa Bara, hata awe mkubwa vipi na awe mwanachama wa Tanganyika Law Society, hilo peke yake halimpi ruhusa ya kufanya kazi hapa, Zanzibar ina Mahkama Kuu yake.

Kuna watu wengi wanaitwa wakili mtaani na si mawakili. Karani wa zamani wa mahkama, mtu aliesoma sheria chuo hajaapishwa bado, mtu mwenye kompyuta na printa karibu na ofisi za serikali. Wanajua mambo sikatai, wengine wanajua kuliko mawakili, lakini siku mambo yakiharibika huna pa kumshitakia.

Hatua ya 4: asiwe wakili wa dalali

Dalali anaposema "wakili mie ninae, rafiki yangu, atakufanyia rahisi" mshukuru halafu katafute wako. Dalali halipwi mpaka nyumba iuzwe. Wakili anaeletewa wateja na dalali kila wiki anajua akisema "hii usinunue" mara mbili tatu, dalali atahamia kwa mwengine. Si lazima awe mtu mbaya, ni kwamba chakula chake kinatoka huko.

Na ile tabia yetu ya wakili mmoja kuwaandikia wote wawili, muuzaji na mnunuzi, kwa kubana matumizi. Kwa watu wanaojuana, nyumba ishasajiliwa na haina utata, pengine sawa. Nje ya hapo mie nasema lipa wako. Wenzetu waliopo Uingereza wanalijua hili, kule kila upande una solicitor wake, yani wakili wake, na kanuni zao zinamkataza solicitor mmoja kuwasimamia wote wawili maslahi yakigongana. Maana fikiria, akiona kasoro ambayo muuzaji hataki uijue, amfichie nani siri na amwambie nani?

Hatua ya 5: kaa nae, umuulize, na umsikilize anavyokuuliza

Usimchague kwa simu. Nenda ofisini na kopi ya hati kama ipo, na picha za nyumba. Wengi wanaingia wanauliza bei tu na kutoka. Bei uliza, lakini mwisho.

Dalili kubwa ya wakili mzuri ni kuwa yeye ndo anauliza masuala mengi kuliko wewe. Nimekaa nasikiliza kama hivi, mteja ni mama mtu mzima anataka kununua nyumba ya vyumba vitatu, pesa anazo tayari:

"Bi mkubwa, hati ina jina la nani?"
"La baba yao."
"Baba yao yu hai?"
"Ashafariki zamani mwanangu."
"Mirathi imefunguliwa?"
"Hilo mie sikuuliza."
"Mama yao je, yuko humo ndani?"
"Yuko, mgonjwa, analala chumba cha nyuma."
"Na yeye kakubali nyumba iuzwe?"

Mama kimya. Wakili akafunga kalamu yake, akamwambia leo hatuandiki kitu, nenda kaniletee majina ya watoto wote, walio hapa na walio nje, na wa mke mwengine kama alikuwepo. Yule mama alitoka kanuna, akaniambia mlangoni huyu wakili wenu mvivu. Baadae ikajulikana kuna watoto wa mke mwengine Pemba, ambao kwenye ile orodha ya mwanzo hawakutajwa kabisa.

Masuala ya kumuuliza wewe sasa. Utaangalia nini kabla sijalipa? Jibu la mtu anaejua kazi linakuwa na pahala na vitu ndani yake, atakwambia ntakwenda kwa Mrajis kupekua rejista, ntauliza kama kuna shauri kwenye Mahkama ya Ardhi, ntamuona sheha na majirani, ntauliza Wakfu ikiwa nyumba ya mjini, nataka kitambulisho cha muuzaji na cha mkewe au mumewe. Jibu la "usijali, niachie mie" si jibu. Muulize pia nani khasa atashika faili lako, yeye au kijana wake, na ukitaka kujua limefika wapi utampigia nani. Muulize nyumba kama hii mara ya mwisho kafanya lini na ilimchukua muda gani, na akikwambia wiki moja kila kitu tayari, uliza vizuri "tayari" yake ni ipi, kuna watu kwao tayari ni kusaini tu.

Halafu muulize hili: utakuja kuiona nyumba? Wengi hawendi. Wakati hati zetu za zamani zinaandika mipaka kwa majirani, kaskazini nyumba ya fulani bin fulani, kusini njia, mashariki kiwanja kitupu, magharibi mnazi, na huyo fulani ashakufa, kiwanja kitupu kina ghorofa mbili, mnazi uliangushwa. Na nyumba yenyewe imeongezwa chumba cha uwani na duka la mbele vilivyotoka nje ya kile kipimo cha kwenye hati. Wakili au mtu wake akija na hati mkononi na futi ya kupimia, akamwita jirani wa kila upande, kwa nusu saa anajua kama unauziwa kilichoandikwa au zaidi ya kilichoandikwa. Hicho "zaidi" ndo kitakachokuja kuvunjwa.

Hatua ya 6: bei yake, na vitu ambavyo havimo kwenye bei yake

Kuna wanaotoza pesa maalumu kwa kazi nzima na kuna wanaochukua asilimia ya bei ya nyumba. Mie napendelea bei maalumu, maana asilimia inampa wakili sababu ya kutaka nyumba iuzwe ghali na iuzwe haraka. Yoyote mtakayokubaliana, iandikwe, na iandikwe akifika wapi analipwa kiasi gani. Usilipe yote mwanzo. Na mkubaliane kabisa kama uchunguzi ukionesha nyumba haifai unamlipa nini, hapo kafanya kazi kubwa kuliko angekuandikia mkataba, mlipe.

Nje ya ujira wake kuna ushuru wa stempu, ada za kuhaulisha (kuhamisha haki kwa jina lako) na kusajili, mpimaji ikihitajika. Hizo ni za serikali, zinalipwa kwa namba ya malipo na zinatoa risiti. Akikwambia nipe laki kadhaa "za ofisini" bila risiti, muulize za ofisi ipi.

Hapa nitaje kitu ambacho utashauriwa na kila mtu na wewe ukatae. Watakwambia mmeuziana milioni 120 lakini kwenye hati tuandike 50, ushuru upungue. Ukikubali, siku muamala ukivunjika na mkafika mahkamani unadai 50 zako, zile 70 nyengine zimeandikwa wapi? Na siku utakapouza wewe kwa 130 itaonekana umepata faida ya 80, na kodi ya faida inakungojea. Wakili anaekuletea wazo hilo mwenyewe, tena kwa kujisifu, muage.

Hatua ya 7: pesa zipite wapi

Benki. Si mkoba, si bahasha, si kwenye gari nyuma ya Darajani. Benki ina kumbukumbu ya nani katuma, nani kapokea na siku gani, na ile ndo shahidi asiesahau. Kama pesa zitapita kwa wakili, zipite kwenye akaunti ya wateja ambayo iko mbali na akaunti yake mwenyewe, muulize anayo au hana.

Na usimalize malipo siku ya kusaini. Gawa: arubuni kidogo, sehemu kubwa siku ya kusaini, na kipande cha maana kibakie mpaka idhini ya Bodi ya Uhaulishaji itoke (iko hatua ya 8) na jina libadilike. Muuzaji akishapata zote, ukimwambia aje asaini fomu nyengine au alete picha za pasipoti, yuko shamba, anaumwa, simu imeibiwa. Akiwa bado anadai anakuja kabla hujamwita.

Hatua ya 8: asiishie kwenye muhuri

Hapa ndo mawakili wanapopambanuka. Wengi wanaandika hati ya mauziano, mashahidi wanasaini, muhuri unapigwa, juisi inanywewa, kwaheri. Wakati kwa Sheria ya Uhaulishaji wa Ardhi namba 8 ya 1994 mauziano lazima yapite Bodi ya Uhaulishaji wa Ardhi, bila idhini yao hujakamilisha kitu. Halafu ndo usajili. Mtu anakaa miaka na hati yake ya mauziano kabatini akidhani kamaliza, siku anataka mkopo benki anaambiwa jina kwenye rejista bado ni la yule alieuza, na yule alieuza kashafariki, sasa unasubiri saini ya warithi wake. Rudi juu kwenye hatua ya 2 usome tena habari ya mirathi, safari hii wewe ndo unawaomba.

Kwa hivyo kwenye makubaliano yenu na wakili andikeni kabisa kuwa kazi inaisha siku anakukabidhi karatasi ya usajili yenye jina lako. Na sehemu ya mwisho ya ujira wake ifungwe hapo hapo.

Kama unauza

Maneno machache tu. Na wewe unahitaji wakili, khasa kupanga nyaraka kabla mnunuzi hajaja, maana nyumba yenye karatasi zake sawa inauzika haraka na dalali hana cha kukuteremshia bei. Warithi wamalizane kwanza. Mke au mume asikie kwako, asisikie kwa dalali. Toa kopi, hati ya asili usimpe mtu mpaka pesa iko benki, na usikubali "nachukua tu nikamuoneshe wakili wangu", wakili wake akitaka kuiona aje aione kwa wakili wako. Muulize pia wakili habari ya kodi ya faida kwa TRA kabla hujapanga bei, si baada ya kuuza na pesa zishagaiwa watoto.

Kama uko nje, au si Mzanzibari

Wenzetu walioko Uingereza wamezoea mtu anaingia kwenye mtandao wa HM Land Registry, rejista ya ardhi ya huko, anaona nyumba ya nani kwa ada ndogo, na solicitor anasimamiwa na chombo chao kinaitwa SRA, au unachukua mtaalamu wa nyumba peke yake anaesimamiwa na chombo chengine, CLC, na mambo yanakwenda kwa barua pepe mpaka unapewa funguo. Ukija na matarajio hayo hapa utaumia. Hapa kuna kupekua kwa miguu, na lazima kuwe na mtu.

Huyo mtu mara nyingi ni ndugu, na ndugu mzuri, lakini mtenganishe na wakili. Ndugu aangalie nyumba, wakili aangalie karatasi, na kila mmoja akuletee habari mbali mbali, wasiwe wanapitishiana. Uwakala unaompa nduguyo uandikwe na wakili, utaje nyumba ipi na kazi ipi tu, usiwe ule wa "afanye lolote kwa niaba yangu", usaini mbele ya ubalozi wa Tanzania ulipo au mthibitishaji anaekubalika, halafu usajiliwe huku. Pesa usitume kwa ndugu akazipeleke, tuma benki kwa benki.

Na kama umeshachukua uraia wa nchi nyengine, mwambie wakili siku ya kwanza. Haki ya matumizi ya ardhi imewekwa kwa Mzanzibari, na Tanzania haina uraia wa nchi mbili, kwa hivyo njia yako ni nyengine. Wageni wanapitia ukodishwaji wa ardhi au fleti zilizo chini ya sheria ya kondominiamu ya 2010, na miradi mingi iko kupitia ZIPA, mamlaka ya uwekezaji ya Zanzibar. Hapo ndo yule wakili wa makampuni na mahoteli niliekwambia umuache anakuwa ndo mtu wako, khasa ukinunua fleti ambayo bado ni shimo na bango, maana unasoma mkataba wa mjenzi aliouandika mwanasheria wake kwa faida yake.

Kwa Pemba

Utaratibu ni ule ule. Ila uliza kama wakili yuko Chake au Wete kila siku au anakuja na boti wakati ana kesi, kwa sababu kupekua na kumuona sheha kunataka mtu aliepo. Na kama nyumba ina shamba, uliza miti. Mikarafuu na minazi inaweza kuwa ya mtu mwengine kabisa, na ukishahamia atakuja msimu wa karafuu na ngazi zake na watu wake, na atakuwa na haki. Hati iseme miti mingapi, ya aina gani, imo au haimo.

Wakili akikugeuka

Hapokei simu, kila siku "faili liko kwa mkubwa", umelipa na huoni kitu. Mwandikie barua, kwa mkono au wasap si tatizo lakini iwe maandishi, muulize faili limefika wapi na umpe siku. Faili na nyaraka za asili ulizompa ni zako, unaweza kuzichukua na kwenda kwa mwengine, mlipe alichofanya tu. Kama kashika pesa zako hazitoi, peleka malalamiko Zanzibar Law Society na Mahkama Kuu. Ndo maana hatua ya 3 ina maana.

Siku ukipata karatasi ya usajili isome hapo hapo mbele yake, herufi moja moja, jina lako lifanane na la kwenye kitambulisho, namba ya kiwanja ifanane na ya kwenye ramani. Kosa la herufi siku ile linarekebishwa na karani, baada ya miaka kumi linataka kiapo na mashahidi. Halafu toa kopi mbili, na uende ZECO na ZAWA ukabadilishe majina ya umeme na maji, na uulize kabisa kama yule aliehama hajaacha deni.